TAHADHARI: Muuzaji wa sponji ya EVA na rizini mtandaoni, Nairobi

Wadau wa kosplei (kuvaa na kuigiza wahusika wa filamu na gemu), kama umenunua rizini, ile maji mazito yanayogandishwa kwa kigumishi, mtandaoni ikaletwa na boda ndani ya chupa za soda zisizo na lebo ya kiwanda, usiichanganye kabla hujasoma hapa.

Kuna muuzaji anayejitangaza kuwa ana kila kitu cha kutengenezea propu (vifaa vya kuigizia) za filamu na gemu nyumbani: sponji ya EVA, rizini, silikoni, hata helmeti zilizokwisha kutengenezwa. Jina la ukurasa wake hubadilika kila malalamiko yanapozidi, kwa hiyo mtambueni kwa mwenendo wake. Hutaka pesa yote kabla ya kuona mzigo, na huitaka kwa namba ya mtu binafsi, kamwe si Till (namba ya malipo ya biashara). Mwenye boda akifika hajui chochote. Ukilalamika unaambiwa hujui kazi, kisha unablokiwa.

Mzigo wake nimeushika mwenyewe, umeletwa kwangu na vijana wanaojiandaa kwa NAICCON, tamasha la komiki na kosplei la Nairobi. Pesa imeniuma, ila rizini ndiyo iliyonitisha.

Karatasi aliyobandika kwenye chupa inasema ni epoksi, aina moja ya rizini, uchanganye sehemu mbili za rizini kwa moja ya kigumishi. Kilichomo ni poliesta, rizini ya aina nyingine, ile ya mafundi wa faiba za magari. Ukifungua tu, harufu kali inajaza chumba. Epoksi kweli huchanganywa mbili kwa moja, au sehemu moja kwa sehemu moja, kulingana na kiwanda. Poliesta inataka kigumishi asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake, na kigumishi hicho ni peroksaidi inayoweza kumpofusha mtu ikimrukia jichoni. Anayefuata kipimo cha ile karatasi atapata mchanganyiko unaochemka mikononi, unaotoa moshi na hata unaoweza kushika moto. Kijana anafanya hayo chumbani anakolala, dirisha limefungwa!

Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha stairofomu nyeupe, ile inayokuja kwenye boksi la televisheni, uidondoshee rizini kidogo ukiwa nje, umevaa glavu na miwani. Poliesta huila stairofomu ikayeyuka. Epoksi haiifanyi hivyo. Ikiyeyuka, funga chupa zote mbili, ya rizini na ya kigumishi, ziweke mbalimbali mahali pa baridi, usimwage kwenye sinki, na uziandike kwa herufi kubwa kwamba ni sumu. Ziko kwenye chupa za soda, na nyumbani kuna watoto.

Sponji nayo si EVA. Ni ile nyeupe au nyeusi ya kufungia friji, imekatwa vizuri na kuitwa EVA. EVA halisi ni jamii ya raba inayotumika kwenye soli za sandali: vitundu vyake ni vidogo mno, na ukiibonyeza kwa kidole hurudi. Hii ya kufungia mizigo ina mapovu unayoyaona kwa macho. Ukiipiga hewa ya moto inajikunja na kutoboka, wakati EVA hufunga uso wake na kung'aa kidogo, tayari kupinda. Gundi ya viatu nayo haiishiki, kwa hiyo bega la deraya linabanduka ukiwa umelivaa mbele za watu. Kama una mizani, pima: EVA nzito ya mita moja kwa mita moja, unene wa milimita 10, hukaribia kilo moja. Aliyoiuza haifiki hata nusu ya hapo. Mimi ningewashauri mwende Kariokor kwa wanaouza malighafi ya viatu, mshike, mbonyeze, ndipo mlipe.

Picha za helmeti anazoonyesha ni za mafundi wa nje, watu waliokesha wakipiga msasa, na hilo linanikera kuliko yote. Tazameni ukutani nyuma ya helmeti: soketi ni zile za Marekani za pini mbili bapa, siyo zetu za pini tatu. Zipitisheni kwenye Google Lens, inayotafuta picha ilikotoka, mtawaona mafundi wenye kazi hizo. Kabla ya kulipia kazi ya mtu yeyote, mwombe video fupi ya kitu hicho pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Fundi wa kweli hataona tabu, maana kitu kiko mezani pake.

Kama umeshatuma pesa leo, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi kuomba irudishwe, kwa sababu akishaitoa kwa wakala ni vigumu. Namba yake iripoti kwa 333. Hifadhi picha za mazungumzo kabla hajakublokia, pamoja na zile karatasi za vipimo alizobandika kwenye chupa, kisha upeleke vyote kituo cha polisi kilicho karibu nawe uandikishiwe OB (namba ya kitabu cha matukio).