Kutafuta karatasi za kesi za madai kaunti: masjala ya karani nyota nne, tovuti ya kulipia nyota moja (na hiyo moja ni huruma)

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama upo Marekani na unatafuta karatasi za kesi ya madai, iwe talaka, deni, mirathi au kufukuzwa nyumba, usitoe hela kwenye zile tovuti za "tafuta rekodi za mtu yeyote", nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ambako kesi ilifunguliwa, jalada lenyewe liko kwake, hao wengine wote wanachuuza vipande vipande.

Sisi tuko Washington State, na kilichotupeleka huko ni shemeji yangu kunyimwa apatimenti. Kampuni inayochunguza wapangaji ilitoa ripoti kwamba ana kesi ya kufukuzwa nyumba, basi, ikaishia hapo, haikusema kwamba kesi yenyewe ilishafutwa zamani maana yeye na mwenye nyumba walishalipana wakamalizana. Kwenye ripoti hizi kesi kufunguliwa tu inatosha kukuharibia, hata kama jaji hakuwahi kuamuru utolewe nyumbani. Kwa hiyo alichohitaji ni kitu kimoja, ile amri ya jaji ya kufuta kesi, yenye muhuri wa karani.

Kabla sijafika nyumbani kwake alikuwa ameshaingia kwenye tovuti moja ya kulipia, sitaitaja. Jamani hiyo tovuti ni maigizo matupu. Unaandika jina, kiduara kinazunguka, "tunatafuta mahakamani... tumepata rekodi!", inazunguka tena, inakuuliza kama uko tayari kuona habari za kushtua, halafu ndo inaomba kadi. Bei ya kuanzia ni ndogo mno ila ukisoma yale maandishi ya chini kabisa, yale ya rangi ya kijivu, unakuta baada ya siku chache inageuka malipo ya kila mwezi. Na ripoti ikaja, anwani zake za zamani, majina ya waliokuwa majirani, na watu wengine kibao wenye jina kama lake wa majimbo ambayo hajawahi kukanyaga. Karatasi ya mahakama hata moja hamna. Kufuta usajili ni mpaka upige simu, na wakipokea wanaanza kukubembeleza ubaki kwa nusu bei. Nyota moja.

Sasa twende kwa karani. Kitu cha kwanza ni namba ya kesi, bila hiyo utazungushwa. Tovuti ya mahakama za jimbo la Washington ina sehemu ya kutafuta kwa jina, bure, inakupa namba na mahakama ila karatasi zenyewe haina. Namba ukishaizoea inasomeka kirahisi, za mahakama ya juu ya kaunti (Superior Court) zinaanza na mwaka, halafu tarakimu moja ya aina ya kesi: 1 ni jinai, 2 ni madai ya kawaida, 3 ni mambo ya ndoa na familia, 4 ni mirathi. Kwa hiyo ukiona 19-2 na kuendelea, hiyo ni kesi ya madai ya mwaka 2019. Kesi za kufukuzwa nyumba zinakaa kwenye 2, talaka utaikuta kwenye 3, msije mkakesha mnatafuta talaka kwenye 2.

Majina yetu ndo kasheshe. Mfumo unataka jina la ukoo kwanza, na sisi jina la tatu ni la babu, la kati la baba, sasa mwenye nyumba akijaza fomu anaandika anavyojua yeye. Shemeji kwenye jalada jina la baba ndo limekuwa la ukoo na la babu halipo kabisa! Halafu kuna herufi, Mohamed, Mohammed, Muhammad, Khamis na Hamisi, Abdallah na Abdullah, kwa kompyuta hao ni watu tofauti. Jaribu mpangilio wote, na kama mfumo unaruhusu weka herufi chache za mwanzo tu halafu uchambue mwenyewe kwa macho. Ikigoma tafuta upande wa pili wa kesi. Na hapo angalia, jina lililo kwenye bango la apatimenti mara nyingi silo lililofungua kesi, mdai anakuwa kampuni fulani yenye LLC mwishoni au kampuni inayosimamia majengo, chungulia kwenye mkataba wako wa kupanga utaiona.

Pia ujue ni mahakama ipi. Washington ina kaunti 39 na kila kaunti ina mahakama ya juu na mahakama ya wilaya (District Court), masjala tofauti, tovuti tofauti. Madai madogo yako wilayani, ukienda kuyaulizia kwa karani wa mahakama ya juu atakwambia hamna, na kweli kwake hamna. Na kila kaunti ina mambo yake mtandaoni, King County wana tovuti yao ya kutafuta na kununua nyaraka, Pierce wana mfumo wao unaitwa LINX. Usidhani ulivyoona kwa mmoja ndivyo ilivyo kwa mwingine.

Dirishani kwenyewe mi niliridhika, zile nyota nne nazitoa hapa. Kuna kompyuta za umma, unakaa unaingiza namba, orodha nzima ya nyaraka inatokea kwa tarehe, madai, wito, majibu, amri, kila moja ina namba yake ya mstari. Unasoma kwenye skrini bure. Hapo ndo kwenye siri, usiende dirishani ukasema "naomba faili lote", utalipia karatasi usizozihitaji, andika namba ya kesi, namba ya mstari, jina la waraka, na useme unataka nakala ya kawaida au yenye muhuri. Mama aliyetuhudumia alisoma kikaratasi chetu, akabofya, akaprinti, akagonga muhuri wa kubonyea ule ukiupapasa unausikia kwenye kidole, akasaini. Hakuuliza tunaitakia nini, na hapaswi kuuliza, majalada ya madai ni ya umma hata kama wewe sio mhusika. Yaliyofungwa na jaji na ya kuasili watoto hayo hayatolewi, na namba kamili za Social Security hazitakiwi kuonekana.

Bei imewekwa na sheria ya jimbo: nakala ya karatasi isiyo na muhuri senti 50 kwa ukurasa, ya kielektroniki senti 25, yenye muhuri dola 5 ukurasa wa kwanza na dola 1 kila unaofuata. Kwa hiyo amri ya kurasa 4 yenye muhuri ni dola 8. Nane! Linganisha na wale wa kiduara. Ila ukimwachia karani akutafutie mwenyewe mambo ya zamani anaweza kukuchaji mpaka dola 30 kwa saa, ndo maana nasisitiza njoo na namba mkononi.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya simu. Unapiga, unasikiliza muziki, inakupeleka kwenye chaguo ambalo linakurudisha mwanzo, ukibahatika kumpata mtu anasema yote yako mtandaoni. Hayako yote bwana, majalada ya zamani mengine yamepigwa picha kwenye filamu (microfilm) au yako ghalani, inabidi uagize usubiri. Kama huwezi kwenda tuma barua, weka yale yale niliyosema pamoja na hundi au mani oda na bahasha yenye stempu na anwani yako, ni mambo ya kizamani ila yanafanya kazi. Na usimuulize karani "nifanyeje nishinde", ushauri wa kisheria haruhusiwi kutoa, sio roho mbaya.

Wengine mtaniuliza kuhusu PACER. Hiyo ni tovuti ya nyaraka za mahakama za shirikisho, kufilisika na kadhalika, senti 10 kwa ukurasa, haizidi dola 3 kwa waraka wa kawaida, na matumizi yasipozidi dola 30 kwa robo mwaka hulipi kitu. Nzuri sana ila kesi ya kaunti huikuti humo. Na zile barua za FOIA (sheria ya kuomba taarifa za serikali) watu wanazoandika kwa mbwembwe, ile sheria ni ya idara za serikali kuu, mahakama haizigusi, omba kwa karani kawaida tu.

Walioko majimbo mengine bei zinabadilika sana. California nakala ni senti 50 kwa ukurasa lakini karani akitafuta zaidi ya dakika 10 anaongeza dola 15, na Los Angeles hata kutafuta kwa jina mtandaoni wanakulipisha. Maryland kutafuta kesi mtandaoni ni bure. Texas msichanganye karani wa wilaya na karani wa kaunti, kwenye kaunti nyingi ni ofisi mbili tofauti na kila mmoja ana majalada yake.

Mkishaipata amri, msiishie kumwonyesha mwenye nyumba mpya. Itumeni kwa kampuni iliyotoa ripoti na barua ya kupinga, sheria ya shirikisho inawapa siku 30 kwa kawaida kuchunguza na kurekebisha, na tunzeni nakala ya kila mlichotuma. Tena kwa hapa Washington unaweza kumuomba jaji amri ya kuzuia kampuni za uchunguzi zisiitaje kabisa hiyo kesi ya kufukuzwa nyumba, sheria inamruhusu kama kuna sababu nzuri. Maombi yanaingia kwenye jalada lile lile kwa namba ile ile, na shemeji kashajaza zake anasubiri tarehe.