Uzoefu wangu wa kula ufukweni Kigoma: samaki wa leo na menyu ndefu

Kwa mtu anayependa kula samaki bila haraka, kwenye meza ya plastiki iliyowekwa mchangani, sijaona mji wa ziwani hapa Tanzania unaonifaa kuliko Kigoma, lakini sifa hiyo haiihusu kila sehemu yenye viti vinavyotazama maji. Nimekuwa nikifika huko kutoka Tabora kwa shughuli za kikazi, na kwa kuwa nyumba za wageni ninazolala hazina jiko, nimekula nje asubuhi, mchana na jioni: katika mabanda ya mama lishe, katika baa zenye bustani, na katika migahawa ya hoteli zinazotegemea zaidi wageni waendao kuwaona sokwe wa Gombe na Mahale. Kipimo changu kimebaki kuwa kimoja. Mahali panaponivutia ni pale panapopika kile ambacho ziwa limetoa usiku uliopita, na mahali panaponichosha ni pale panapojaribu kuwa na kila kitu.

Kibirizi ndipo ninapopaweka mbele. Ni mwalo ulio kaskazini kidogo mwa mji, ambako wavuvi hushusha samaki na boti za mbao huondoka kwenda vijiji vya mwambao hadi karibu na mpaka wa Burundi. Pembeni yake yamejipanga mabanda ya chakula yanayowahudumia wavuvi, wachuuzi, wabeba mizigo na abiria wanaosubiri boti zijae. Hayana majina makubwa wala bei zilizobandikwa ukutani. Mgeni akiingia asubuhi hapewi menyu, anauliza, "Mama, leo kuna nini?" na jibu hutegemea kilichoshushwa alfajiri. Nimewahi kujibiwa, "Mgebuka upo, baba, kuhe labda mchana, keti kwanza unywe chai," hao wakiwa samaki wawili wa ziwa hili nitakaowaeleza mbele. Jibu la namna hiyo hunipa imani kuliko karatasi yoyote iliyochapwa kwa rangi, kwa sababu mpishi anayelitoa anajua samaki wake ametoka kwa nani na ametoka majini saa ngapi.

Anayetaka kula vizuri mjini hapa afanye hesabu ya mwezi kabla ya kupanga safari. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa zaidi usiku kwa taa, zamani zikiwa karabai na siku hizi nyingi zikiwa za betri na umeme wa jua. Dagaa hufuata mwanga, na migebuka, ambao hula dagaa, huwafuata dagaa hao hadi kwenye wavu. Mbalamwezi inapowaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja, hivyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa na kutumia muda huo kushona nyavu. Siku hizo mabanda yaliyokuwa na mgebuka wa kumwaga hubaki na vipande vya jana, bei hupanda, na mama lishe mkweli atakwambia mapema kwamba leo ni maharage. Hilo si kosa lake, na sioni haki ya mteja kumnunia.

Mgebuka wenyewe ni samaki mwembamba, mrefu, mwenye rangi ya fedha, na nyama yake ni imara bila kuwa kavu. Huandaliwa kwa namna nyingi, ila ninayempenda zaidi ni yule aliyepasuliwa, akapakwa chumvi na ndimu, kisha akabanikwa juu ya mkaa mpaka ngozi ikaanza kupasuka. Huletwa mzima, kichwa kikiwa bado mahali pake, pamoja na pilipili iliyotwangwa na kachumbari ya nyanya na vitunguu. Ugali unaoambatana naye mara nyingi ni wa muhogo, na hapa ndugu zangu wa Tabora waliozoea ugali wa mahindi inafaa wajiandae, kwa kuwa ugali wa muhogo hunata, huvutika mkononi, na una harufu kidogo ya muhogo uliolowekwa, ambayo wengine huichukia siku ya kwanza na kuitafuta siku ya pili. Mabanda mengine huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi, na kwa mgeni huo mchanganyiko ndio mlango mwepesi wa kuingilia.

Mawese nayo yanahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha jiko la Kigoma na majiko mengi ya nchi hii. Mkoa huu ndio unaojulikana zaidi nchini kwa michikichi, na mafuta yake mekundu, yasiyosafishwa kiwandani, huingia katika maharage, katika mboga za majani na katika mchuzi wa dagaa. Yakiwa mapya hutoa ladha nzito na utamu wa mbali. Yakikaa sana hukwaruza koo, na mpishi mzembe hujaribu kuuficha ubaya huo kwa nyanya nyingi. Chakula ninachokipendekeza kwa asiye na hamu ya samaki ni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa muda mrefu kwa mawese, ambayo Kigoma inaila kwa pamoja na jirani zake wa Kongo ng'ambo ya ziwa na wa Burundi. Nimeikuta imepikwa vizuri zaidi katika vibanda vya nyuma ya soko kuliko ufukweni, pengine kwa sababu inataka jiko lisilo na haraka, na ufukweni jiko linasubiriwa na samaki.

Kuhe ni habari nyingine. Ni samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, ila yeye hupatikana Ziwa Tanganyika peke yake na ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo huo, kiasi kwamba mmoja aliyekomaa anaweza kutosha meza nzima ya watu. Kwa kuwa huvuliwa karibu na mwambao kwa nyavu na ndoana, hategemei taa kama dagaa, na ndiye ninayemuulizia siku za mbalamwezi. Nyama yake nyeupe hutoka mfupani bila kubembelezwa. Supu ya kichwa chake, yenye ndimu na pilipili mbuzi, ndiyo chakula bora cha asubuhi nilichokula katika mji huu, na nasema hivyo nikikumbuka kwamba kwetu chai na viazi vitamu haina mpinzani. Tahadhari yangu ni kwamba kuhe wa kukaanga mara nyingi huharibiwa kwa kuachwa ndani ya mafuta mpaka awe mgumu kama gome. Mwombe mpishi amchemshe au ambanike, naye hatakataa.

Sasa niingie katika upande ulionikera. Kuna mgahawa wa ufukweni, ambao sitautaja, wenye paa zuri la makuti, taa za rangi na menyu ya kurasa nyingi iliyojaa piza, kuku wa namna mbalimbali, kamba wa baharini, ambao kwa umbali uliopo kutoka pwani sielewi wanafikaje salama, na samaki watatu au wanne waliotajwa mwisho kabisa. Tulikuwa kundi la wafanyakazi, tukaagiza kila mmoja anachopenda, na mhudumu, kijana mwenye adabu ambaye lawama hazimhusu, akarudi mara kwa mara kutueleza kwamba hiki hakipo, kile kimeisha, na kile kingine mpishi wake hayupo leo. Baada ya kusubiri kwa zaidi ya saa moja na nusu tuliletewa vipande vya samaki waliotoka kwenye friza, katikati bado wakiwa na ubaridi, huku mitumbwi ikipita mbele yetu. Bei ya sahani moja ingetulisha watatu Kibirizi. Nilipomweleza msimamizi, aliomba radhi na kutupunguzia bili, jambo ninalolipa alama yake, lakini tatizo lilikuwa kubwa kuliko bili: jiko dogo lisilokuwa na wateja wa uhakika haliwezi kutunza vyakula vya kurasa nyingi vikiwa vibichi, hivyo kila kitu huishia kwenye friza, pamoja na kile ambacho kingeweza kununuliwa kibichi mwaloni, mwendo mfupi tu wa bajaji kutoka hapo.

Siwezi kudai kwamba kuchelewa kwa chakula peke yake ni dosari. Mahali panapombanika samaki baada ya mteja kuagiza patamchelewesha, na dakika 40 au 50 ni muda wa kawaida ambao huko ufukweni watu huutumia kuzungumza, kunywa soda na kutazama watoto wakiogelea. Dalili ya kuangalia ni moshi. Kama umeagiza samaki wa kubanika na hujaona mtu akipepea mkaa, uliza.

Jioni ina utaratibu wake. Kigoma iko magharibi ya mbali ya nchi ilhali saa yake ni ile ile ya Dar es Salaam, hivyo jua huzama huku karibu saa moja, takriban dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Kwa kuwa ziwa lote liko upande wa magharibi, meza ya mbele kabisa, ambayo kila mgeni huikimbilia, hupigwa na jua usoni kuanzia saa kumi hadi karibu na magharibi. Mimi huchagua meza ya pembeni yenye kivuli cha mwembe na kuhamia mbele baadaye. Katika miezi ya mvua, baada ya anga kusafishwa, milima ya Kongo huonekana wazi ng'ambo; katika kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi huificha kwa majuma mengi, na upepo wa kusi huweza kupeperusha vitambaa vya meza na mchanga ukaingia kwenye kachumbari. Wakati huo ni afadhali kula ndani.

Msimu mwingine wa kuzingatia ni wa kufungwa kwa uvuvi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na nilikuwa Kigoma katikati ya kipindi hicho. Mabanda niliyoyazoea yalihamia kwenye kuku, maharage na dagaa waliokaushwa mapema, na baadhi yalikuwa yamefungwa. Mama mmoja wa Katonga, mwalo mwingine wa Kigoma, alinipikia dagaa wakavu kwa mawese na bilinganya chungu, chakula ambacho sikukitarajia kunifurahisha kiasi kile, ila lazima niseme kwamba aliyekusudia kuja Kigoma kwa ajili ya samaki wabichi angesikitika. Ninaunga mkono hatua yenyewe, kwa kuwa wapishi hao hao ndio wanaolalamika kwamba migebuka wa siku hizi ni wadogo kuliko wa zamani. Ninachopendekeza ni mgeni aulize tarehe kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu mjini kwenyewe sina mengi. Katika mtaa wa Mwanga kuna chipsi, mishikaki na kuku wa kukaanga kama ilivyo katika miji yote, na huduma ni ya haraka. Ujiji, kilomita chache kusini, ndiko ninakokwenda kunywa chai. Huo ni mji mkongwe wa misafara, wenye miembe mikubwa na wenyeji wenye utamaduni wa Kiswahili wa siku nyingi, na asubuhi utapata vitumbua, maandazi ya iliki na maharage, ukiwa umekaa kwenye benchi barazani na wazee wanaokusalimia kabla hujawasalimia. Vitumbua vyake ni vya mchele halisi, laini katikati, na huisha mapema. Saa tatu asubuhi ni kuchelewa.

Usafi nimeuona wa kuridhisha mahali pengi, na wa mabanda ya Kibirizi ni bora kuliko mwonekano wake unavyotisha: ndoo yenye bomba na sabuni huwa mlangoni, sahani husuuzwa kwa maji ya moto, na samaki hutumbuliwa mbali na meza. Vyoo ndiyo udhaifu mkubwa, na hapo hoteli zinastahili pesa zao. Malipo kwenye mabanda ni taslimu au kwa simu, na ni vyema kukubaliana bei ya samaki kabla hajaingia jikoni, kwa kuwa kila mmoja hupangiwa bei kwa ukubwa wake.

Kwa wanaopenda kuondoka na dagaa, ushauri wangu ni kumtumia yuleyule mama aliyekupikia. Dagaa wa Tanganyika ni wa jamii ya sardini, tofauti na wale wa Ziwa Victoria, na ndiyo maana hawana uchungu hata wakipikwa bila kutolewa vichwa. Tatizo lao ni mchanga, kwani wengine huanikwa chini ufukweni na wengine juu ya chanja za wavu, na kwa macho ya mgeni wote hufanana. Mama lishe huwatambua kwa kuwasugua kiganjani, kisha huenda mwenyewe kwa muuzaji wake na kurudi na kipimo kilichojaa. Wale wa chanja huuzwa ghali zaidi, nami hulipa tofauti hiyo bila kubishana.