Madhabahu za Arad ndani ya Israel Museum: Inafaa Kwenda, Ila Ujue pa Kutazama

Vikundi vya mahujaji vikibahatika kufikishwa Israel Museum, jumba la makumbusho la Yerusalemu, huonyeshwa magombo ya Bahari ya Chumvi kisha hurudishwa kwenye basi. Ni hasara. Katika sehemu ya akiolojia pamesimamishwa upya patakatifu pa patakatifu pa hekalu dogo la ngome ya Arad, ngome ya ufalme wa Yuda iliyokuwa ikilinda mpaka wa kusini, jangwani Negev. Mawe ni yaleyale yaliyochimbuliwa na mwanaakiolojia Yohanan Aharoni na wenzake miaka ya 1960. Kwenye mlango wa patakatifu pa patakatifu zipo madhabahu mbili za mawe ya chokaa, na juu ya ile fupi kuna masalia ya bangi iliyochomwa karne ya 8 KK.

Macho ya wengi huvutwa na jiwe refu lililosimama nyuma. Liache kwanza. Sogea kadiri unavyoruhusiwa, uangalie uso wa juu wa kila madhabahu. Ndefu ina kimo cha sm 52, fupi sm 40, kwa hiyo itabidi utazame chini. Utaona doa jeusi la mviringo, gumu, limeganda kwenye jiwe. Doa hilo ndilo lililopimwa maabara. Uso wa ile fupi ni kama sm 20 kwa 20 tu, kwa hiyo anayekwambia hapo palichinjwa mbuzi mwache aendelee na zake.

Uzuri wa mambo uko kwenye kuni zilizotumika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 na watafiti Eran Arie, Dvory Namdar na Baruch Rosen yalionyesha kwamba madhabahu ndefu ilichomewa ubani uliochanganywa na mafuta ya wanyama. Ile fupi ilikuwa na THC, CBD na CBN, yaani kemikali za bangi, zikiwa pamoja na masalia ya kinyesi cha wanyama. Hizo ni njia mbili tofauti za kuendesha moto. Aliyezoea kufukiza kwenye chetezo anajua kwamba kaa likiwa jekundu tupu, punje ya ubani huungua na moshi wake hukereketa koo. Hungojwa livae jivu kidogo. Mafuta yalikuwa ya kuusaidia ubani ushike joto na kutoa harufu. Bangi ilitaka kinyume chake, kwa sababu ndimi za moto huiteketeza kabla mvuke wenye kulewesha haujatoka. Kinyesi kikavu hufuka polepole, kwa joto la chini, bila kuwaka. Tena hakuna mtu anayetafuta harufu nzuri akatia samadi. Harufu ilikuwa kazi ya madhabahu ya ubani. Hii ya pili ilikuwa ya kichwa.

Ubani ulitoka kusini mwa Arabuni. Kuhusu bangi, watafiti wanakisia ililetwa kutoka mbali ikiwa utomvu mkavu, kwa kuwa mbegu na chavua zake hazijulikani kwenye magofu ya huko ya zama hizo yaliyochimbuliwa. Na masalia yamedumu kwa sababu madhabahu zililazwa ubavu zikafukiwa kwa makusudi. Zingeachwa wazi, jua na upepo wa jangwa vingekwishayafuta. Vipimo vya miaka ya 1960 havikuweza kutambua kilichochomwa, hivyo vitabu vya zamani vya watalii visikupotoshe.

Kasoro kubwa ya huduma inategemea kiongozi utakayempata. Wapo wanaoruka kutoka Arad hadi kutangaza kwamba Hekalu la Sulemani lilifukizwa bangi. Jiwe halisemi hivyo. Kitabu cha Kutoka 30:34 kinataja manukato ya natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi, basi. Arad inathibitisha kilichofanyika Arad, kwenye hekalu la ngome moja, kwa muda mfupi. Kiongozi mzuri atakulinganishia na Jirzankal, milima ya Pamir upande wa China, ambako vyetezo vya mbao vya miaka kama 2,500 iliyopita vilitiwa mawe ya moto na bangi makaburini. Huko jiwe ndilo lililotoa joto, hapa samadi. Mwulize swali la kuni. Akibabaika, tembea peke yako.

Usibadilishe jumba hili na safari ya Tel Arad kwenyewe, kilima ngome ilipochimbuliwa, ukidhani utaona kitu kilekile. Kule, karibu na mji wa sasa wa Arad, madhabahu ni nakala, hazina doa lolote. Faida ya kule ni kuliona eneo lenyewe kwa macho: unapanda kilimani, unaona hekalu lilivyobanwa ndani ya kuta za ngome na jangwa lilivyotanda nje. Ukiwa na siku mbili, anza na jumba, kisha uunganishe Tel Arad na Masada, ngome ya kale karibu na Bahari ya Chumvi. Beba maji na kofia, na uende asubuhi. Ukiwa na siku moja, chagua jumba, ila isiwe Ijumaa mchana, maana hufungwa mapema.