Mita ya pH ya bei poa kwa tangi la matumbawe: probu kwanza, skrini baadaye

Kama unafuga matumbawe nyumbani, unataka kupima pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au besi) na hela ya kontrola kubwa (kompyuta ya kusimamia tangi) haipo, nakwambia kabisa usikimbilie zile mita za kalamu, tafuta monita ya kawaida yenye probu (kijiti cha kupimia kinachokaa majini) inayochomoka. Mimi natumia Pinpoint ya American Marine, kiboksi kidogo tu cha betri ya volti 9, kina skrini na waya unaoshuka hadi majini, na naikubali sana.

Kalamu ukiikalibreti (ukiirekebisha isome sawa) inasoma vizuri, shida yake inakupa namba ya dakika ile uliyoichovya halafu basi. Na kwenye tangi la matumbawe namba moja haitoshi kwa sababu pH haitulii: taa zikiwaka matumbawe na mwani vinafyonza kaboni dioksidi, pH inapanda taratibu mpaka jioni, taa zikizima wote wanapumua tu, kaboni inajaa majini na pH inashuka mpaka alfajiri. Tangi lenye afya kabisa linaweza kusoma 7.9 kabla ya taa na 8.3 zikikaribia kuzima. Sasa mtu kapima asubuhi kaona 7.9 kashtuka kamwaga dawa ya kupandisha pH, kumbe dawa nyingi za aina hiyo zinarusha na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) juu, na hapo ndo matumbawe yanaanza kuteseka kweli. Probu ikikaa majini muda wote unaona mwendo wote, unajua tangi lako limezoea nini.

Ile 0.01 watengenezaji wanayoiandika kwenye boksi kwa maandishi makubwa isikuvutie, hizo ni desimali za skrini tu. Angalia usahihi, maana utakuta mita inaonyesha 0.01 halafu pembeni imeandikwa ±0.1.

Kitu cha kulipia hasa ni probu. Ile kioo ya mbele inazeeka hata uitunze vipi, mara nyingi ni mwaka mmoja hadi miwili, kwa hiyo hakikisha plagi yake ni BNC, ile unayosukuma ukazungusha kidogo inajifunga, ili ikifa ubadilishe probu tu mita ibaki. Usiiache ikauke, na usiihifadhi kwenye maji ya RO (yaliyochujwa hadi chumvi karibu zote zikatoka) wala maji yaliyochemshwa yakatoneshwa, inataka maji yake maalumu yenye potasiamu kloridi. Majini iweke kwenye sampu (tangi la pembeni la kuwekea vifaa) penye mkondo lakini pasipo mapovu wala mwanga, la sivyo mwani unaifunika na namba inaanza kujivuta. Na ukiona namba inarukaruka chomoa pampu na hita moja moja uangalie ipi ikitoka inatulia, huenda umeme unavuja majini.

Kukalibreti tumia bafa (maji maalumu ambayo pH yake inajulikana) ya 7 na ya 10, ya 4 achana nayo maana maji ya bahari yako katikati ya hizo mbili. Kwenye Pinpoint unazungusha vijiskrubu kwa bisibisi ndogo, unaanza na 7, unasubiri namba itulie, unasuuza ndo unaenda 10. Vijiskrubu vyenyewe vinakera kidogo, ukigusa tu namba imeshapita, na kifaa hakihifadhi kumbukumbu, lazima uandike mwenyewe. Bafa ya 10 ukishaitumia mwaga, inafyonza kaboni ya hewani na inaharibika haraka, usiirudishe kwenye chupa.

Halafu kama pH iko chini kutwa nzima na alkalini iko sawa, chota maji ya tangi kwenye kikombe, yapeleke nje, yapulizie hewa kwa jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu) kama saa nzima kisha upime. Ikipanda, tatizo ni hewa ya chumbani, kaboni imejaa, fungua madirisha au utoe mpira wa hewa wa skima (kichujio cha mapovu) nje ya nyumba kabla hujafikiria kununua dawa yoyote.