Hosteli ya shule au chumba cha kupanga?

Mwanafunzi wa sekondari anayetoka kijiji cha mbali, iwe Tandahimba, Newala au Nachingwea kusini mwa Tanzania, mara nyingi huwa na njia hizi mbili.

Chumba cha kupanga, yaani geto, huwavutia wazazi kwa kodi ndogo, na unga hutoka nyumbani. Tatizo huanza unga unapoisha Jumatano. Binti mwenye njaa akinunuliwa chipsi na kupewa lifti ya bodaboda kila jioni, nani atamuuliza? Msimu wa korosho ndio mgumu zaidi: wazazi wamehamia shambani, na mitaani pesa zinazunguka.

Hosteli ina matroni, chakula cha uhakika na muda wa kujisomea. Ila usilipe kabla ya kuikagua. Tazama kama bweni lina milango miwili inayofunguka kwa nje, na kama dirisha lenye nondo linaweza kufunguliwa moto ukizuka. Uliza funguo za usiku anashika nani. Choo kiwe karibu, chenye taa na komeo la ndani. Pesa za korosho zikiingia, lipia muhula wa Januari papo hapo.

Sisi tunapendekeza hosteli. Ikishindikana, tafuta chumba ndani ya nyumba ya mama anayeaminika, wakae wasichana wawili, na chakula kipelekwe kila wiki. Mwalimu wa malezi awe na namba ya mwenye nyumba. Mtoto naye akariri 116, simu ya bure ya kuripoti ukatili.