Printa ni nzuri, lakini skripti yake ilinilaza macho

Nina duka la kuchapisha na kutoa kopi Mwembe Tayari, Mombasa. Kompyuta zangu zote ni za Ubuntu, aina ya Linux, mfumo wa kompyuta usio Windows; sina nyingine. Juzijuzi, Ramadhani ikielekea ukingoni na kadi za harusi za Mfungo Mosi zimenirundikia, nikanunua printa mpya hapa hapa mjini. Boksi limeandikwa wazi kwamba inakubali Linux. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa pesa.

Draiva yake, programu ya kuiunganisha printa na kompyuta, ina skripti ya kusakinisha, yaani faili la amri, install.sh. Nikaipa ruhusa ya kuendeshwa kwa amri ya chmod, nikaiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Jibu: No such file or directory. Faili halipo! Halipo vipi, na mimi naliona kwa ls, amri ya kuorodhesha mafaili? Nikajaribu sh install.sh, ndiyo nikachokoza nyuki: hata mistari mitupu inalalamika "not found", kisha ikafia kwenye if ya kwanza.

Nikawapigia simu waliouza. Kijana hakunisikiliza hata nusu dakika. "Mama, hiyo Linux yako ndiyo shida. Weka Windows." Nikamwambia ngoja nikusomee inavyosema. Akanikata: "Kwani hapo dukani hapana kijana wa kukuangalizia?"

Mimi! Duka nimeliendesha miaka 12, kila kompyuta iliyomo nimeiweka kwa mkono wangu.

Usiku baada ya tarawehe nikakaa nayo. Nikaandika cat -A install.sh, amri inayoonyesha hata alama zilizofichika, na hapo uchafu ukajitokeza: ^M mwisho wa kila mstari. Aliyeiandika aliihifadhi kwa mtindo wa Windows, ambao hufunga mstari kwa alama mbili, na Linux hufunga kwa moja. Ile ya ziada, ndiyo hiyo ^M, haionekani kwa macho, lakini imejibandika kwenye mstari wa kwanza, unaotaja bash, programu ya kuisoma skripti, kwa hiyo mashine inatafuta bash yenye mkia, na bash ya namna hiyo haipo. Faili lililokosekana halikuwa langu kamwe. Dawa yake ni amri ya kuifuta alama hiyo mwisho wa kila mstari:

sed -i 's/\r$//' install.sh

Haikuchukua dakika. Printa ikaanza kazi.

Na kazi yake, nisiidhulumu, ni safi: maandishi yamekoza, karatasi nzito haikwami. Nilikuwa nimetoa nyota moja, nikafuta, nikaweka nne. Kisha nikamkumbuka bibi wa Likoni aliyevuka feri mara mbili kufuata kadi za mjukuu wake na mara zote mbili nikamrudisha mikono mitupu, kwa kosa ambalo mtu angeligundua kama angeijaribu skripti mara moja tu kwenye Linux kabla ya kuiuza. Nyota mbili. Sizidishi.

Niliwaandikia, nikawaeleza kosa lilipo na mstari wa kulitibu. Jana jirani yangu naye kanunua printa hiyo hiyo, nikamshushia draiva upya kwenye tovuti yao. Nikaandika cat -A. ^M zimejipanga vile vile.