Khukuri Imetua Mbeya: Chuma Kitamu, Ala Kero Tupu

Wadau, karibuni tena. Leo tupo Uyole, ukungu haujaondoka na vidole vimekufa ganzi, mlioko Dar chekeni tu.

Mzigo wenyewe huu hapa: khukuri, kisu cha Wagurkha, wale askari wa Nepali. Urefu na uzito sisomi, mmeshaona kila mahali. Angalieni umbo lake. Huku kwenye mpini kisu cha kawaida kabisa, kufika katikati kinainamia mbele na chuma kinajaa tumboni. Nina mwanzi mkavu hapa, ile mianzi ya ulanzi. Twende. Paa! Mmeona? Bega sijaligusa, ni kiwiko tu. Panga langu lingekwama kwenye hilo fundo.

Waingereza walipigana na Nepali 1814 hadi 1816, na vita haijaisha wakaanza kuwaandikisha hao hao jeshini. Hata huku kwetu walifika. Novemba 1914, mapigano ya Tanga, Waingereza na Wajerumani, kwenye Kashmir Rifles, kikosi cha India upande wa Waingereza, walikuwemo Wagurkha, wakaingia mpaka mjini huku vikosi vingine vya upande wao vikitimuliwa na risasi na nyuki. Nyuki kweli, sitanii.

Haya, sasa kilichonikera. Ni hii ala, nyumba ya kisu! Sogeza kamera, nataka muone vidole. Hizi ni mbao mbili zimevishwa ngozi, na kiungo kimoja, pale mbao zinapokutana, kiko upande wa makali. Mgeni anashika hivi, kiganja kimezunguka ala nzima, halafu anachomoa kwa fujo. Kisu kimepinda, hakiwezi kutoka kimenyooka. Kinatoka kwa kuzunguka, na makali yanakwangua kile kiungo njia nzima. Kikiachia, chuma kinapita kwenye ngozi, na nyuma ya ngozi kuna nini? Vidole vyako. Hebu ona, ala mpya, na hapa tayari ngozi imeanza kufunguka! Shika upande wa mgongo, hivi, mbele ya makali pasiwe na nyama. Mgongo wa kisu uegemee mbao, vuta taratibu. Kurudisha ni vilevile. Sasa fikiria unafanya hivi usiku, kwenye handaki, adui yuko hatua mbili. Ndiyo maana jifunze kuchomoa kabla ya kujifunza kukata.

Na ile hadithi kwamba ikichomolewa lazima ionje damu, achaneni nayo. Nepali wanapasulia kuni na kuchinjia mbuzi. Hata vitani, muda mwingi inafyeka njia.

Kuna mdau aliandika, "Bro, zama za droni nani anapigana kwa kisu?" Mdau, Juni 2020, bonde la Galwan, mpaka wa India na China. Makubaliano ya 1996 yanazuia kufyatua risasi karibu na mstari wa mpaka, basi wanajeshi wa mataifa mawili yenye nyuklia wakapigana kwa marungu na mawe. India peke yake ilipoteza 20. Bunduki ikifungwa mdomo, kinachobaki ni ulichoshika mkononi.

Watu wa Iringa nawasikia, "Lugalo, Lugalo!" Sawa. 17 Agosti 1891, msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulikuwa umejinyoosha njiani, Wahehe wakauvamia kwa mikuki, bunduki hazikupata nafasi ya kufanya kazi. Ila mkuki ni video yake, msinichanganye. Na wazee wetu wa Keya, yaani jeshi la KAR la Waingereza, waliokwenda Bama (Burma) vita vya pili vya dunia walibeba panga, hili hili la shambani.

Na hapo ndipo bei inaponiuma. Mpaka inifikie imekula laki mbili na ushee. Nepali mafundi wengi wanafua kwa springi za malori, na mafundi wetu huku nao wanafua kwa springi hizo hizo! Mmoja nimeshamwonyesha, kacheka, kasema nimletee mpini tu. Kingine, inashika kutu. Kwa ukungu huu, ukilala bila kuipaka mafuta umeumia.

Kwa hiyo kisu nabaki nacho, nimekipenda, sijifichi. Ala naipeleka kwa fundi viatu leo leo. Ukitaka kununua, dai picha ya ala upande wa makali kabla hujatuma hela, na muuzaji akizunguka zunguka, hama. Ijumaa naishindanisha na nyengo ya Tukuyu, ile zana ya kufyekea, mwanzi mmoja, mkono mmoja. Mimi hela yangu iko kwa nyengo.